Vitambaa vya Usafi

Tarehe 4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mama naye awe mzima na mguu wake umepungua kuvimba. Sisi huku hatujambo. Binti yangu, Chiriku wako, amerefuka mpaka magauni yake yote yamekuwa blauzi, na mdomo wake umerefuka pia. Anaongea akiamka, anaongea akila, anaongea akiwa na mswaki mdomoni. Mwalimu wake ameniita kuniuliza kama nyumbani kuna mtu wa kumsikiliza, maana maneno yote anakwenda kuyamaliza darasani. Nikamwambia mwalimu, mimi namsikiliza mpaka masikio yanaomba likizo.

Kazi nimepata. Natengeneza vyerehani, kama kawaida yangu, kwenye chumba kimoja nyuma ya stoo ya mbao. Unga wa mbao unaingia kwenye mafuta ya mashine, kwa hiyo kila ninachotengeneza asubuhi nakitengeneza tena jioni. Lakini ni kazi, na wenye stoo hawajawahi kuniuliza natoka wapi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Nimejaribu simu mara nne, dada. Tukiongea habari za mguu wa mama unanisikia vizuri sana. Nikimtaja mke wangu tu, mtandao unakuwa mbovu. Karatasi haina mtandao, ndiyo maana.

Nakuuliza jambo moja. Miezi minane imepita tangu wamuue mke wangu, na mimi sijui alitoka nyumbani kufanya nini. Unajua nilikuwa nimesafiri kuja huku kununua vipuri. Nilimpigia nikamwambia funga mlango, usitoke, hata wakigonga usiitike, mimi niko njiani. Akasema sawa. Wewe unamjua wifi yako: hakuwa mtu wa kusema sawa kisha akafanya yake. Na alijua hatari kuliko mimi. Wazazi wake walivuka reli kuja kufanya kazi kiwandani kabla mimi na wewe hatujazaliwa, lakini mpaka siku ile yeye alikuwa bado ni mtu wa ng'ambo, na watu wa ng'ambo ndio waliokuwa wanatafutwa. Basi kwa nini kesho yake asubuhi amwache mtoto kwa jirani mwenye kuku, atoke peke yake aelekee mjini?

Chiriku anaeleza kila kitu duniani, ila siku ile anairuka. Neno moja tu nimelipata kwake: mama alisema anakwenda mara moja kuchukua kitu. Kitu gani, dada? Wewe ulikuwa mtaa wa pili. Kama uliona au ulisikia lolote, niambie. Sikai nikatulia. Nashika bisibisi, naiweka, nasahau nilikuwa nafungua nini.

Msalimie mama. Mwambie mjukuu wake anamwombea mguu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, imefika bahasha imelowa lakini maneno yamesomeka. Sisi wazima. Mama yupo, mguu ndio huohuo, leo nafuu kesho balaa. Bati la jikoni limetoboka, mvua ikinyesha tunapikia uvunguni mwa meza kama panya. Nimefurahi kwamba umepata kazi. Unga wa mbao usikuumize kichwa, funika mashine kwa shuka la zamani ukimaliza, utanishukuru.

Mwambie Chiriku shangazi yake anamshonea magauni mawili, anitumie vipimo. Apimwe na wewe, asijipime mwenyewe, mara ya mwisho alijipima akajipa kiuno cha mbu.

Kuhusu ulichoniuliza, sijui. Siku zile kila mtu alijifungia kwake. Mimi duka nililifunga, nikakaa na mama. Sikuona kitu. Tafadhali usijichoshe kwa mambo ambayo hayatamrudisha. Una mtoto wa kulea. Kula, lala, fanya kazi.

Mama yuko hapa pembeni, ananiamuru niandike maneno yake kama yalivyo, na atampa mpangaji wetu amsomee kabla sijafunga bahasha, kwa hiyo siwezi hata kupunguza neno. Anasema hivi: "Mwanangu, mimi ni mzima, usimsikilize dada yako akisema naugua. Mguu huu umeniharibikia siku zile za vurugu, kwa kumpelekea dada yako chai dukani mara tatu kwa siku, maana alikuwa hanyanyuki kwenye mashine. Njoo uniletee mjukuu wangu nimwone kabla sijafa, na ulete na dawa ya kuchua, hii ya hapa inanuka lakini haiponyi."

Hayo ndiyo maneno ya mama. Umri nao umeanza kumchanganyia siku.

Dada yako


Tarehe 19 Aprili

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya mama uifikishe. Dawa ya kuchua nimempa dereva wa lori la mbao, ataiacha kwa mpangaji wenu. Vipimo vya Chiriku viko nyuma ya karatasi hii, nimempima mwenyewe huku akinisimulia hadithi ya kobe aliyemeza saa.

Mama hachanganyi siku. Mama anakumbuka hata rangi ya soksi nilizovaa siku ya kwanza ya shule. Kama alikuletea chai dukani, duka lilikuwa wazi. Sikugombezi. Nasema tu kwamba nimeona.

Sasa nikueleze jambo la huku. Tume ya uchunguzi wa mauaji yale imepanga ofisi kwenye ghorofa ya juu ya maktaba, na wiki iliyopita karani wao alikuja stoo akiuliza fundi wa vyerehani. Ni bwana mmoja mpole, ana kikohozi, anabeba mfuko wa karatasi. Aliweka mezani vitambaa vitatu vya bluu, vile vya kufunga mkononi, ambavyo vijana wa yule mtangazaji tuliyemwita Megafoni walivaa. Sikuwa nimewahi kuviona kwa karibu. Siku vilipogawiwa nilikuwa huku, na niliporudi kumzika mke wangu, waliovivaa walikuwa wamekwishavivua. Karani akasema: "Fundi, wewe una macho ya kazi hii. Vimeshonwa kiwandani au na mtu? Na kama ni mtu, ni mmoja au wengi?"

Nikakigeuza kimoja. Dada, ncha imekunjwa ndani pembe tatu, ikapigwa mshono wa kurudi mara tatu, halafu fundo la mkono limefichwa chini ya pindo.

Unakumbuka baba akitupiga kwa futi ya mbao kwenye vidole mpaka pembe tatu ikae sawa? Mafundi wenzake wakimcheka kwamba anapoteza muda kwa kitu kisichoonekana? Hakuna mwingine aliyewahi kukunja vile. Nimetengeneza mashine za mafundi wa miji mitano, nimeshika mishono ya kila aina, sijaona.

Nikamwambia karani, sijui, labda ni kiwandani. Akaandika. Akakohoa, akanishukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo mikono yangu inanuka uongo. Usiniambie mikono hainuki uongo, mimi ndiye mwenye mikono.

Niambie, dada. Sitaki mtandao.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa, mashine kubwa ilivunjika mguu, halafu mpangaji akahama, halafu nikaugua mafua ya wiki mbili. Dawa ya kuchua imefika. Mama anasema hii ndiyo dawa, inachoma mpaka anakumbuka ujana wake. Magauni ya Chiriku yako tayari, nimeweka pindo kubwa ili akirefuka tena tuteremshe.

Mji umetulia. Soko limefunguliwa upande mmoja. Nyumba yenu ipo, mlango nimepigilia ubao. Upande wa ng'ambo nyumba nyingi hazina watu, na watu wameanza kung'oa madirisha mchana kweupe huku wanasalimiana. Megafoni mwenyewe amenenepa, anauza saruji. Ananisalimia.

Kuhusu vile vitambaa, mafundi wengi walishona siku zile. Kitambaa ni kitambaa. Ulimwambia karani hujui, basi ishia hapo. Wewe uko mbali, hujui hapa tunaishi na nani. Ukifungua mdomo huko, mlango utakaogongwa ni wangu na mama. Nakuomba kama dada yako niliyekubeba mgongoni.

Mama anakusalimu. Leo hakutaka kuandikiwa, amelala.

Dada yako


Tarehe 8 Juni

Dada,

Mama hajalala. Mama halali mchana tangu nimjue.

Ulinibeba mgongoni, ni kweli, na sijasahau. Ulinifundisha hata kuvaa viatu. Lakini usinipige chenga kwa kitu ambacho vidole vyangu vinakijua. Duniani kuna watu wawili wanaokunja ncha vile, na mimi sikuwepo.

Sitakuandikia habari nyingine mpaka unijibu. Hata salamu nimekosa pa kuziweka.

Mdogo wako


Tarehe 21 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako sijaziona lakini mimi nakupa zangu. Mama hajambo. Nimeandika barua hii mara tano na mara tano nimeifanya kiberiti cha jiko. Hii ya sita nitaituma hivyohivyo.

Ni mimi niliyeshona. Vyote, mia sita.

Nataka ujue jinsi ilivyokwenda, si kwa kujitetea. Au labda ni kujitetea, wewe utaamua. Unakumbuka ile miezi mitaro ilipoziba, maji machafu yakaingia mpaka vyumbani, watoto wakaanza kuharisha? Manispaa ikasema haina gari. Ndipo akatokea yule kijana mwenye megafoni ya kutangazia mechi, akapita mtaa kwa mtaa akisema tusisubiri mtu, tuusafishe mji wetu wenyewe. Na wakausafisha kweli! Nani hakupiga makofi? Mitaro ilizibuliwa kwa Jumamosi mbili. Mimi niliwapikia chai ya sufuria nzima.

Jumamosi ya tatu wakaweka meza ya kujiandikisha. Watu wa ng'ambo walipokuja kujiandikisha wakaambiwa orodha imejaa, rudini wiki ijayo. Wiki iliyofuata imejaa tena. Hakuna aliyegombana, ilionekana ni utaratibu mbovu tu, kama utaratibu wote wa hapa. Baada ya mwezi Megafoni akaanza kutangaza: "Jamani, hebu tujiulize, ni nani wasiokuja kusafisha?" Basi. Aliuliza tu, na mtaa mzima ukajibu. Wavivu, wachafu, wanatuachia sisi uchafu wao. Mtoto wa mwenye duka la madaftari alipokufa kwa kuharisha, tayari kulikuwa na wa kulaumiwa, hakuna aliyetafuta tena chanzo cha maji. Na lile eneo lao kando ya barabara mpya, ambalo watu walikuwa wanalimezea mate siku nyingi, likaanza kuitwa jalala.

Vitambaa aliniletea yeye mwenyewe. Marobota mawili ya bluu. Alisema ni kwa ajili ya waliojiandikisha, ili wajulikane wakiwa kazini. Vitambaa vya usafi. Nilifurahi kupata kazi kubwa, sikufichi. Nilianza kwa raha. Mikono ilikunja pembe tatu yenyewe, kama alivyotufundisha baba, sikuwaza.

Kwenye kitambaa cha mia tatu hivi, akaja akasema niongeze urefu kidogo, kiweze kufungwa haraka kwa mkono mmoja. Nikamuuliza mkono wa pili utakuwa umeshika nini, fagio? Akacheka. Mimi pia nikacheka. Halafu nikainamia mashine, nikapima urefu mpya.

Niliendelea kushona. Hapo ndipo penye kosa langu, usilitafute kwingine. Nilijua bila kuambiwa, na niliendelea kwa sababu alikaa kwenye benchi langu akinitazama, na kwa sababu nusu ilikuwa imeshashonwa, na kwa sababu nilijiambia nikiacha mimi atapelekewa mwingine. Sababu nilikuwa nazo nyingi. Siku nne baadaye aliyekuwa na bluu mkononi alipita, na asiyekuwa nayo aliulizwa anatoka wapi.

Umeniuliza nami nimekujibu. Fanya unavyoona. Kama ni kwa karani, nenda kwa karani. Nimechoka kusalimiwa na yule mtu.

Dada yako


Tarehe 9 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimerudi kwenye salamu, unaona. Mwambie mama kwamba Chiriku ameyavaa magauni yote mawili kwa pamoja, moja juu ya jingine, anasema hawezi kuchagua.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Naizunguka kama mtu anayezunguka mashine asiyojua ifunguliwe wapi. Nilitaka kukuchukia kwa ukamilifu, lakini kuna jambo limenizuia, na nakuandikia hili nawe ulijue.

Mimi nilikuwemo Jumamosi ya kwanza. Nilishika koleo. Na Jumamosi ile ya tatu, mke wangu aliporudi nyumbani na ndoo yake akasema amekataliwa kuandikwa, orodha imejaa, mimi nilikuwa navaa buti za mtaro. Nilimwambia: "Bahati yako, umepumzika." Nikamtania hivyo. Akaweka ndoo chini, akanitazama, akaingia ndani. Nami nikaenda kusafisha. Ningekataa kwenda siku ile, wangepungukiwa mtu mmoja tu, najua. Lakini tulikuwa wangapi wa aina yangu? Kila mmoja alikuwa na buti zake na utani wake. Mambo haya hayakuanza na mapanga. Yalianza na meza na kalamu, na mimi nilikuwa upande wa walioandikwa.

Kwa hiyo sikuhukumu kwa vitambaa, au nakuhukumu na mimi nikiwa ndani. Karani nimemfuata. Nimemwambia nilimdanganya, nimemwonyesha pembe tatu, nimemwambia ni mshono wa baba yetu na aliyeshona ni dada yangu. Hakushangaa. Amesema ukikubali kuja mwenyewe utakuwa shahidi, na ushahidi wako ndio utakaomfunga Megafoni, maana yeye anasema hajawahi kuvigusa vitambaa. Kikao ni tarehe 20 Oktoba. Mama aje nawe, nimeshampangia chumba, hapa atakuwa salama kuliko huko. Tume watatuma gari.

Lakini dada, nimeisoma barua yako mara nyingi nikagundua kitu. Swali langu hukulijibu. Umejibu la vitambaa kwa kirefu, kurasa tatu. La mke wangu, hata mstari. Alikuwa anakwenda kuchukua kitu. Mahali walipomkuta ni pale kwenye kona ya mtaro, na kutoka pale mpaka mlango wa duka lako sijui kama zinafika hatua sitini.

Kitu gani, dada?

Mdogo wako


Tarehe 15 Septemba

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, amekubali kusafiri, tayari amefunga mizigo, hata sufuria inayovuja anataka kuja nayo. Na mimi nitakuja. Karani amenipigia, nimemwambia ndiyo.

Sasa kaa chini kama umesimama.

Alikuja dukani. Ilikuwa siku ile uliyompigia simu, kabla hujampigia, saa kumi alasiri. Megafoni alikuwa ametoka kwenda kugawa bunda la mwisho, na mama alikuwa amerudi nyumbani na birika. Dukani nilikuwa peke yangu. Narudia ili usije ukanitafutia kisingizio: hakukuwa na mtu wa kunitazama.

Aliingia kwa mlango wa nyuma. Akasema: "Wifi, nishonee viwili. Changu na cha mtoto." Hakueleza zaidi, alijua najua.

Vipande vya bluu vilikuwa vimejaa miguuni mwangu, mdogo wangu. Nilikuwa navikanyaga. Viwili ni kazi ya dakika kumi, na nikiacha pembe tatu ni dakika tano. Nilikuwa nimeshona mia sita kwa watu wasionihusu. Lakini niliingiwa na hofu. Niliwaza wakimkamata mtu wa ng'ambo na kitambaa ambacho hakikugawiwa, watauliza nani kakishona, na anayeshona ni mmoja. Nilimwaza mama, nikajiwaza mimi. Hata kumwambia hapana nilishindwa, maana angenitazama usoni.

Basi nilimwambia: "Njoo kesho asubuhi."

Wewe ni fundi, unalijua neno hilo. Ndilo tunalomwambia kila mteja tunayetaka atuondokee mbele ya macho. Suruali haijakatwa, tunasema kesho. Kitambaa hata hatukumbuki tulikiweka wapi, tunasema kesho. Limenitoka mdomoni kama linavyotoka siku zote. Na sikuvishona, usifikiri nilivishona usiku nikavificha mahali. Nilifagia vile vipande nikavitia kwenye gunia.

Ulipompigia ukamwambia asitoke, alikwishakubaliana na mimi. Alisema sawa kwako, lakini kwangu alikuwa na ahadi ya kuokoa mtoto. Asubuhi nilisikia kelele kwenye kona. Nilijua ni nani bila kuchungulia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine niliyemwambia aje. Nilishusha komeo la mlango.

Hilo ndilo duka nililokwambia nililifunga.

Sikuandikii neno la msamaha hapa, sijui liandikwe vipi. Nitayasema haya mbele ya tume, yote, na wewe ukiwepo au usipokuwepo.

Dada yako


Tarehe 24 Septemba

Nimeipata barua.

Niliisoma nimesimama, hukunijua. Halafu nikatoka nikatembea mpaka mji ukaisha, nikarudi. Chiriku alinifuata nyuma njia nzima, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema kitu. Nadhani ameniona usoni.

Njoo na mama kama tulivyopanga. Mama atakaa na sisi. Wewe tume watakuwekea mahali, nimeshaongea nao. Siku ya kikao nitakuwepo, nitakaa mbele, nitakusikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo sijui nitatoka kwa mlango gani. Usinisubiri nje.

Sitaki machozi na usiniletee zawadi. Nataka kitu kimoja na nakitaka kabla ya kikao, kwa sababu sitaki kukisikia pamoja na watu. Mimi mara ya mwisho nilisikia "sawa" kwenye simu, basi, pesa ya simu ikaisha. Mtoto alisikia "nakwenda mara moja." Uso kwa uso, mtu mzima wa mwisho wa familia yetu aliyeongea na mke wangu akiwa na matumaini ni wewe. Hayo maneno ni yangu na ya mtoto, na umekaa nayo mwaka mzima.

Ulipomwambia kesho, alikujibu nini?


Tarehe 3 Oktoba

Mdogo wangu,

Alicheka.

Ndiyo, alicheka, na ndicho kilichonishinda kukuandikia. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, amevaa lile gauni lake la kijani lenye mifuko, kiatu kimoja amekikanyaga kisigino. Jasho lilikuwa linamtoka. Aliposikia neno lenyewe akacheka vile anavyocheka, kwa pua, akasema: "Nyie mafundi na kesho zenu! Nimeolewa na fundi, kesho yenu naijua, ina siku saba."

Halafu akaacha kucheka. Akanishika hapa, juu ya kiwiko. Akasema: "Lakini hii, wifi, iwe kesho kweli."

Nikamwambia, kweli.

Akanishukuru. Akaniambia nimekonda, niache mashine kidogo nile. Akatoka.